Mtoto wa Chekechea Yuko Nyumbani: Nani Atamfundisha?



Siku mliyofunga ndoa, kabla ya kupeana mikono mbele ya altare, Padre aliwauliza kama mko tayari kuwapokea watoto kwa upendo kutoka kwa Mungu na kuwalea kadiri ya sheria ya Kristo na Kanisa lake. Mlijibu wote wawili. Swali hilo hakuulizwa bibi arusi peke yake, wala bwana arusi hakuruhusiwa kukaa kimya. Nawakumbusha jambo hili kwa sababu kila mwaka shule zinapofungwa kwa likizo ndefu, kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka mwanzo wa Januari, naona katika nyumba nyingi za Wakristo kwamba jibu lile la watu wawili limegeuka kuwa kazi ya mtu mmoja. Na mara nyingi mtu huyo ni mama.

Watoto wakubwa hawana shida sana. Wanatumwa, wanachunga, wanafua, wanasoma vitabu vyao. Taabu ni yule mdogo wa miaka minne au mitano, aliye chekechea. Yuko miguuni pako siku nzima. Anauliza maswali mia. Mama anataka kupika, anataka kwenda sokoni, na jioni baba anafika, anaketi, anamtazama mtoto na kuuliza: "Huyu amejifunza nini leo?" Ni maneno manne tu, lakini nimeyaona yakivuruga amani ya nyumba hata zaidi ya deni la duka. Mama anasikia kwamba amehukumiwa. Baba anaona kwamba ameuliza swali la haki, maana yeye ndiye anayelipa karo. Mtoto anasimama katikati na kalamu mkononi.

Kwa hiyo katika makala haya nataka tuzungumze juu ya mambo mawili kwa pamoja: jinsi ya kumfundisha mtoto huyu nyumbani wakati wa likizo, na jinsi ya kufanya hivyo bila kuumizana ninyi wenyewe.

KOSA NILILOFANYA MIMI

Sitawafundisha kama mtu asiyewahi kukosa. Mwezi wa Machi mwaka 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Wanafunzi wa Gredi ya Nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi mwezi wa Oktoba. Wale wa chekechea walingoja mpaka tarehe 4 Januari 2021. Kitinda mimba wetu, msichana, alikuwa na miaka mitano. Mafundisho ya kigangoni yalikuwa yamesimama, hivyo nilikuwa na nafasi. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne, na kazi ya ukatekista imenizoesha kusimama mbele ya watu na kufundisha. Nikajiona kwamba nafaa kabisa.

Nilichukua ubao, nikaupaka makaa ya kusaga, nikautundika kwenye ukuta wa jikoni. Kila asubuhi nilimsimamisha binti yangu mbele yake kwa saa mbili. Herufi ya b alikuwa akiigeuza ikawa d. Leo nikimsahihisha, kesho anaigeuza tena. Sikujua wakati ule kwamba watoto wengi wa umri huo hugeuza herufi hizo, na kwamba wengi huacha wenyewe wanapofika miaka saba hivi. Mimi niliona ni ukaidi. Nikachukua rula, nikampiga kwenye vidole.

Baada ya wiki tatu mtoto alianza kukojoa kitandani, jambo ambalo alikuwa ameacha zamani. Alipoisikia baiskeli yangu ikija alikimbilia nyuma ya ghala la mahindi. Mke wangu aliniambia niache. Nilimjibu kwamba yeye ndiye anayemdekeza, na kwamba watoto wa jirani wanasoma tayari. Niliyasema hayo mbele ya mtoto. Tulilala tukipeana migongo siku nyingi, nami nikaenda kusali kila asubuhi kama kawaida, nikidhani kwamba mwenye kosa ni yeye.

Siku moja niliwakuta binti yangu na nyanya yake uani. Walikuwa wakipanga maparachichi ya kuuza, mafungu ya matatu matatu. Mtoto alikuwa akiyapanga mwenyewe, kwa lugha yetu ya nyumbani. Alimaliza mafungu saba, akaona fungu la mwisho lina mawili tu, akamwambia nyanya, "Hili limepungukiwa na moja." Hakuna aliyemfundisha hayo ubaoni. Nilisimama nyuma ya mlango wa uani kwa muda, nikaona haya.

Jioni nilipiga magoti nikawa kimo chake, nikamwambia baba alikosea kumpiga. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama ule ubao unaweza kuwa kuni. Mke wangu akacheka, kicheko cha kwanza nilichokisikia kutoka kwake tangu tugombane. Tuliuchanja siku ile ile, ukaivisha maharagwe.

Ndugu yangu mwanamume, viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakaza marufuku hayo. Lile ambalo mwalimu aliyesomea kazi yake amekatazwa, sisi tusiosomea tutalifanyaje jikoni kwetu?

MKONO KABLA YA KALAMU

Tuanze na mkono, maana hapo ndipo wazazi wengi wanapokosea. Mifupa ya kifundo cha mkono wa mtoto wa miaka minne bado haijakomaa, na misuli ya vidole vyake ni dhaifu. Ukimlazimisha kuandika mistari mingi, atachoka, atashika kalamu kwa ngumi, atachukia daftari. Kwanza mpe kazi za kuimarisha vidole. Na kazi hizo nyumba zetu zimejaa nazo.

Katika Trans Nzoia na Uasin Gishu likizo hii inakuta mavuno ya mahindi. Mwache mtoto apukuchue gunzi moja wakati ninyi mnapukuchua kumi. Ukambani ni mvua za vuli na palizi; ataokota magugu mliyong'oa na kuyarundika. Pwani maembe yameanza kuiva. Atayapanga makubwa kando na madogo kando. Na ninyi mnaokaa Nairobi katika chumba kimoja, msiseme hamna shamba. Kuna soksi za kufua. Kuna vibanio vya nguo, na kubana kibanio hutumia vidole vile vile vitatu vinavyoshika kalamu: gumba, cha shahada na cha kati. Kuna unga wa chapati. Mkatie donge dogo alikande na kulisukuma awezavyo, hata likitoka na umbo la ramani ya Afrika. Kuna vifungo vya shati lake mwenyewe. Mama mmoja alipenda kumfunga mtoto vifungo kila asubuhi ili wasichelewe. Wakati wa likizo hamchelewi popote. Mwacheni ahangaike navyo.

Halafu ndipo herufi zije, tena zije kwa kidole kabla ya kalamu. Maria Montessori, daktari Mkatoliki wa Italia aliyezaliwa mwaka 1870, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma. Ulikuwa mtaa wa maskini, ambako wazazi walikwenda kazini na watoto wadogo wakabaki wakizurura kwenye ngazi na kuchafua kuta. Aliwapa watoto hao herufi zilizokatwa kwa karatasi ya msasa, wakazipapasa kwa vidole huku wakitamka sauti yake. Sisi hatuhitaji kununua msasa. Mwaga mchanga laini au unga kidogo kwenye sinia, uchore herufi kwa kidole chako, naye apitishe chake juu yake. Akikosea, tikiseni sinia na kosa limekwisha. Hilo ni jambo kubwa kwa mtoto. Kwenye daftari kosa hubaki, na baba atakuja kuliona jioni.

Niongeze onyo dogo. Maharagwe, punje za mahindi na vifungo huingia puani na masikioni, hasa kama kuna mdogo wake wa mwaka mmoja au miwili anayetambaa karibu. Mzazi awepo. Punje ikiingia, usiichokoe kwa kijiti wala pini. Nendeni zahanati.

KUHESABU NA KUIMBA NI VITU VIWILI

Wazazi wengi hujivunia kwamba mtoto wao anahesabu mpaka hamsini. Jaribu hivi. Weka vifuniko saba vya soda mezani, umwambie avihesabu. Utaona watoto wengine wakitaja namba haraka kuliko kidole kinavyokwenda, au wakikihesabu kifuniko kimoja mara mbili. Kisha muulize, "Vyote ni vingapi?" Kama anaanza kuhesabu upya badala ya kujibu saba, ujue kwamba bado anaimba, hajaanza kuhesabu. Hilo si aibu. Ndiyo kazi yenu ya likizo.

Mtume alete sahani za chakula cha jioni. Tuko watu sita, lete sita. Akileta tano, usimwambie amekosea. Mwacheni agawe, ataona mwenyewe ni nani aliyekosa sahani, na mara nyingi ni yeye. Kesho mwambie shangazi amekuja, tutahitaji ngapi? Mtoto anayejua kwamba sita na mmoja ni saba kwa sababu ya shangazi, hatasahau. Afanye hivyo na vikombe, na mayai ya kuku, na vitunguu vya sokoni. Mpaka kumi panatosha kabisa kwa mtoto wa miaka minne. Wa miaka mitano aende hadi ishirini kama yuko tayari.

Na hapa lugha zetu zina baraka ambayo hatuitambui. Kwa Kiingereza mtoto lazima akariri neno jipya la 11 na lingine la 12, ambayo hayamwonyeshi chochote. Kwa Kiswahili anasikia kumi na moja, kumi na mbili. Jina lenyewe linamwambia kwamba kuna kumi na kuna zaidi. Weka kumi kwenye kibakuli, na moja pembeni, naye ataona alichokitamka. Ishirini inaificha siri hiyo, lakini Wakikuyu wakisema mirongo iri wamesema makumi mawili waziwazi. Kwa hiyo msione haya kumhesabisha mtoto kwa lugha ya nyumbani. Tangu ripoti ya tume ya Gachathi ya mwaka 1976 siasa ya elimu ya nchi yetu imekubali lugha ya mahali katika madarasa ya chini, na mtaala wa umilisi unaotumika sasa unakubali vivyo hivyo. Mtoto aliyeelewa kitu kwa lugha ya mama yake anabaki kutafuta jina lake tu kwa Kiingereza.

SAUTI TANO NA HERUFI TATU

Katika kusoma, msianze kwa wimbo wa herufi ishirini na sita. Mtoto anayejua kuuimba wote anaweza kushindwa kusoma neno "mama", kwa sababu amefundishwa majina ya herufi kwa Kiingereza, "em" na "ei", na ukiyaunganisha hayo huwezi kupata "ma". Fundisheni sauti. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika: a, e, i, o, u. Chukua wiki mbili kwa hizo tano, kwa mchanga, kwa mchezo, bila haraka. Kisha leta m. Tayari anaweza kusoma mama na mimi. Wiki nyingine leta b: baba, babu, bibi. Leta t: bata, tatu, tamu, moto, mtoto. Kwa irabu tano na konsonanti tatu mtoto amesoma jamaa yake karibu yote. Akiunganisha m na b ataweza embe na tumbo. Likizo ikiisha hapo, mmefanya mengi. Mkianza kwa lugha ya nyumbani mwendo ni ule ule, ila lugha kama Kikuyu na Kikamba zina irabu saba, basi zihesabiwe saba.

Dakika kumi mpaka kumi na tano kwa siku zinatosha kwa kukaa chini hivi. Nasema dakika, si saa. Akianza kutazama dari, acheni, hata kama ni dakika ya nne. Afadhali aondoke akiwa bado anatamani kuliko aondoke akiwa amechoka.

Kama mnaona mtoto hageuki mnapomwita kutoka nyuma, au anasogeza kitabu mpaka kinagusa pua, msimwite mzembe. Mpelekeni apimwe masikio na macho. Namjua kijana aliyeitwa mjinga nyumbani kwao kwa miaka miwili, kumbe sikio moja lilikuwa limeziba.

BABA YUKO WAPI?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu wa watoto wao. Ulisema wazazi, kwa wingi. Baba anayesema, "Mimi natafuta pesa, mama atafundisha," amejitoa mwenyewe katika neno hilo.

Najua kwamba baba hurudi amechoka. Basi achukue sehemu inayofaa mtu aliyechoka: hadithi na vitendawili. Kaeni gizani baada ya chakula, useme "Kitendawili!", naye ajibu "Tega!" Umtegee: nyumba yangu haina mlango. Mwache afikiri. Usimpe jibu upesi kwa sababu unataka kulala; na akishindwa, usisahau kudai mji kabla ya kumwambia kwamba ni yai. Kazi ya kufikiria kitu kisichokuwepo mbele ya macho ndiyo kazi ya akili yenyewe, na wazee wetu waliifanya bila kalamu. Ukimsimulia hadithi ya Sungura na Fisi, simama katikati umuulize, "Unadhani Fisi atafanya nini sasa?" Kesho yake yeye akusimulie wewe. Utashangaa jinsi atakavyoibadilisha. Usimsahihishe.

Mama naye ana jambo la kuacha. Kuna kina mama ambao mume akijaribu kumfundisha mtoto, wao hutoka jikoni kusema, "Si hivyo, wewe hujui." Akikatizwa mara mbili, mwanamume atachukua kofia yake na kwenda kituoni kuketi na wenzake, na mara ya tatu hatajaribu. Dada yangu, mwache akosee kidogo. Kama kuna neno la kumwambia, mwambieni usiku, mtoto akiwa amelala.

Sisi wawili tulikubaliana hivi mwaka ule. Asubuhi, kazi za mikono na kuhesabu zilikuwa za mama, ndani ya kazi zake, si juu yake. Jioni, sauti na hadithi zilikuwa zangu. Jumamosi hatukufundisha kitu. Na lile swali la "amejifunza nini leo" tuliliondoa kabisa. Badala yake niliuliza, "Leo mlifanya nini pamoja?" Mke wangu aliniambia baadaye kwamba kwa swali la kwanza alijiona kama mtumishi anayetoa hesabu, na kwa la pili alijiona kama mke. Sikujua kwamba tofauti ilikuwa kubwa hivyo. Miaka kumi na sita ya ndoa, na sikujua.

MAJILIO

Likizo hii ina zawadi ambayo likizo ya Aprili na ile ya Agosti hazina: ndani yake kuna Majilio na Noeli. Tengenezeni taji la majani mabichi lenye mishumaa minne, mitatu ya zambarau na mmoja wa rangi ya waridi unaowashwa Dominika ya tatu. Kama mishumaa ya rangi haipatikani, funga karatasi ya rangi kwenye mshumaa wa kawaida, chini kabisa, mbali na moto. Kila Dominika muulize mtoto imewaka mingapi, imebaki mingapi. Amehesabu, amejifunza rangi, amejua kungoja. Mtafute udongo wa mfinyanzi mfinyange pango: ng'ombe, punda, wachungaji. Mikono yake itapata zoezi kuliko daftari zima, na ng'ombe akiwa na miguu mitatu atasimama vizuri tu.

Ishara ya Msalaba msimfundishe kwa kumshika mkono na kumvuta. Fanyeni ninyi wenyewe polepole kila jioni, kwa mkono wa kuume, mkimgeukia aone. Mimi hupokea watoto wa mafundisho wenye miaka tisa au kumi, na siku ya kwanza huwa najua ni yupi aliyeona baba yake akisali. Hahitaji kuniambia.

SIMU, TUISHENI NA MTOTO WA JIRANI

Haya nitayapitia upesi. Simu: Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne asizidi saa moja kwa siku mbele ya kioo, awe akicheza na kukimbia angalau saa tatu, na alale saa kumi mpaka kumi na tatu. Katuni humnyamazisha, ndiyo. Lakini mtoto hujifunza kuzungumza kwa kujibiwa, na katuni haimjibu.

Tuisheni: sheria ile ya mwaka 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, na kwa mtoto wa chekechea ni kumwonea. Sheria hiyo hiyo hairuhusu shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kumwingiza shuleni, isipokuwa ule wa kumpanga darasa linalomfaa. Basi msitishike na wale wanaosema kwamba asiyejua kusoma Januari hatapata nafasi Gredi ya Kwanza katika shule ya umma.

Mtoto wa jirani: msimtaje. Mkimtaja, mnamfundisha wenu kumchukia.

SHULE ZIKIFUNGULIWA

Wiki moja kabla, rudisheni saa za kulala polepole. Mfundisheni kufungua chupa yake ya maji, kuvaa viatu, kuomba ruhusa ya kwenda msalani bila kuona haya. Mwalimu wa chekechea mwenye watoto arobaini atawashukuru kwa hayo kuliko kwa herufi. Siku ya kwanza mmoja wenu, au wote wawili mkiweza, mwambieni mwalimu kwa kifupi: anahesabu mpaka kumi na mbili, anajua sauti hizi, anaogopa kelele, anapenda kufinyanga. Binti yetu aliporudi Januari 2021 bado alikuwa akigeuza b. Mwalimu wake hakushtuka. Katikati ya mwaka akaacha, wala hatujui ni siku gani.

YA KUZUNGUMZA MUME NA MKE

Watoto wakiwa wamelala, zimeni redio, mjibizane haya kwa upole, kila mmoja akimaliza kabla ya mwenzake kuanza. Sisi tulifundishwaje nyumbani tulipokuwa wadogo, na ni nini katika hayo ambacho hatutaki mtoto wetu akipate? Ni neno gani langu juu ya mtoto linalokuumiza wewe? Je, tumewahi kubishana juu yake mbele yake, na tulimwambia nini baadaye? Katika kazi za nyumbani za kesho, ni ipi moja ambayo anaweza kufanya pamoja na mmoja wetu, na ni nani atakayekuwa naye?